Meno Mawili na Kichuguu Kimoja

Daktari wetu wa meno ndiye mtu pekee ninayemjua aliyewahi kuongoza mazishi ya meno. Meno yenyewe yalikuwa mawili. Yalizikwa Jumapili asubuhi chini ya kichuguu kimoja porini, kando ya barabara ya Kasenga, moja upande wa kaskazini na lingine upande wa kusini. Watu wa upande mmoja walikuwa hawatakiwi kuwaona wa upande wa pili. Kwa hiyo daktari, akiwa na koti jeupe na buti za mpira, alikuwa akikizunguka kichuguu mbio. Anaanza sala huku, anakimbia, anaitikia amina kule, anarudi. Vichuguu vya kwetu vina ukubwa wa nyumba. Alipofika mahali pa kuyaombea meno yale yapumzike, yeye ndiye alikuwa amekaa chini, ulimi nje.

Nilisimama ubavuni, mahali pekee palipoonyesha pande zote mbili, na ninaeleza nilichokiona. Lakini watu wazima wenye akili zao hawaendi porini kuzika meno bila sababu, na sababu yenyewe ilikuwa mtu huyu. Heri nianze naye.

Mtaa wetu wote wa Kamalondo ulimwita Dokta. Kliniki yake ilikuwa chumba kimoja katika barabara yetu, kati ya duka la fundi wa nguo na baa, na mimi nilipanga chumba upande wa pili wa ukuta wake. Nasema kliniki ilikuwa chumba, ingawa chumba hicho sikuwahi kumwona mgonjwa ndani yake. Siku moja, kabla sijahamia, umeme ulikatika koleo likiwa tayari limeshika jino la mwalimu mmoja. Dokta akawaita wanaume wanne wa baa, wakabeba kiti pamoja na mwalimu wake hadi uani, chini ya mti wa avokado, na kazi ikamalizikia juani. Umeme uliporudi, Dokta alikataa kurudisha kiti ndani.

"Kinywa ya muntu iko kama nyumba," alisema. "Ukifungua madirisha, ufungue sawasawa."

Tangu hapo aling'olea watu meno nje, mvua ikinyesha wanasogea chini ya paa la bati. Tatizo lilikuwa ukuta. Ukuta wa baa ulikuwa mfupi, na wanywaji walikuwa wakiegemeza viwiko juu yake na kufuatilia kazi kama mpira wa miguu.

"Dokta, vuta! Iko inakuja!"

"Hapana, haiyatoka. Angalia macho ya ule baba, angali anaona."

"Papa, kaza roho! Hata bibi yako alizaa mapacha, na hakulia!"

Ndiyo maana wagonjwa wa Dokta walisifika mji mzima kwa ujasiri. Hakuna mwanaume aliyekubali kupiga kelele mbele ya ukuta ule. Niliwaona wakiinuka kwenye kiti machozi yakiwatiririka, wanapungia baa mkono, wanatoka barabarani kwa mwendo wa maringo, kisha wanalia mbele ya duka la fundi.

Dokta alipenda pori kuliko kitu chochote, na hakuna mgonjwa aliyeondoka bila kulipata pori kidogo. Mifuko ya koti lake jeupe ilijaa mbegu, manyoya ya ndege, na mawe madogo meupe aliyookota mtoni, ambayo aliyageuza mkononi akisubiri ganzi ishike. Ndege akilia juu ya mti, alisimamisha kazi na kuinua kidole.

"Nyamaza," alimwambia mgonjwa ambaye mdomo wake ulikuwa umejaa pamba.

Dawa yake ya kila ugonjwa ilikuwa kutembea. Ukiwa na jino bovu, hutembei vya kutosha. Ukiwa na jino zuri, tembea ili libaki hivyo. Mama mmoja alimwendea kwa sababu ya fizi zinazotoka damu, akatoka na kipande cha karatasi kilichochorwa njia ya kwenda kwenye maporomoko ya mto. Alienda, eti. Fizi hazikupona, lakini aliposimulia jinsi walivyokuwa wanakula mahindi mabichi kwenye mawe na miguu majini, alisahau kabisa kuzilalamikia.

Kila Jumapili baada ya misa ya kwanza aliongoza matembezi. Tulikuwa kikundi kidogo: yeye, mimi, fundi wa nguo, na yeyote aliyekuwa hajawahi kwenda. Waliowahi hawakurudi kwa urahisi, maana Dokta alikuwa anapotea. Alipotea kwa moyo mweupe na hatua za haraka. Alama zake za njia zilikuwa vichuguu.

"Tunapinda pale, kwenye kichuguu," alisema kwa uhakika, katika nchi ambayo ukisimama juu ya kichuguu kimoja unaona vingine mpaka macho yachoke.

Kuuliza njia alikuwa hataki. Siku moja tulimkuta mchoma makaa, tukashukuru Mungu, na Dokta akamwamkia, akamtazama mdomoni, akamwambia jino la juu linahitaji kuangaliwa, kisha akamuaga na kuendelea kuelekea kusikojulikana. Tulimkuta mchoma makaa yule yule mara ya pili jioni. Alikuwa ameshafunga taya kwa kitambaa.

Sukari aliipiga vita. Alikuwa akisimama sokoni kuwatisha watoto wenye pipi. Lakini porini alitafuna muwa tangu tunatoka mpaka tunaporudi, na asali ya nyuki akiipata alilamba mpaka viwiko. Zaidi ya hapo, hakuwahi kukumbuka kubeba kifungua chupa, kwa hiyo bia zote za matembezi alizifungua kwa meno. Mimi nimeyaona haya: mtu aliyesomea meno, anauma kizibo, anageuza shingo, pah! Fundi akimwambia ni vibaya, alicheka. Hata kicheko chake kilikuwa na utaratibu wake. Alicheka akiwa amefunika mdomo kwa kiganja, daima. Alikuwa ameona vinywa vya nusu ya mji, na hakuna aliyewahi kuona chake.

Mara moja kwa mwaka alisafiri hadi Pweto kuvua samaki kwenye ziwa. Alirudi na mzigo wa samaki, na alisimulia jinsi alivyopambana na kila mmoja. Samaki wote walikuwa wamekauka tayari.

Jambo la mwisho la kujua juu yake ni kwamba hakuweza kuficha kosa lake. Uongo wa samaki ulimtoka bila shida, lakini akikosea kazini, alikuwa kama mtu aliyemeza chungu, yule mdudu wa kuuma, akiwa hai. Angekuwa mtu wa kunyamaza, nisingekuwa na la kuandika.

Sasa meno.

Kwetu mtu aking'olewa jino, anaondoka nalo. Hakuna anayeacha kipande cha mwili wake mikononi mwa watu. Dokta alilijua hilo, na kila jino alilisuuza, akalifunga kwenye karatasi, akamkabidhi mwenyewe.

Jambo la pili la kwetu ni adabu ya ukwe. Fundi wa nguo, jirani yake, alikuwa amemwoa binti pekee wa mama mmoja wa Pweto, muuza samaki wakavu, aliyekuwa anaishi barabara mbili kutoka kwetu. Kwa watu wa kaskazini kama wao, mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali sahani moja, hawakai kiti kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anapinda. Fundi aliishika adabu hiyo kwa bidii hata akawa akisikia harufu ya samaki wakavu tu anaingia chini ya meza yake ya kukatia nguo.

Basi asubuhi moja Mama Mukwe alikuja na jino lililokuwa limemsumbua muda mrefu, akang'olewa. Akaambiwa aketi barazani damu ikauke. Fundi naye alikuwa na taya iliyovimba. Alichungulia, akaona kiti kimeachwa wazi, akaingia kwa mlango wa nyuma. Dokta akamfunikia kiti kwa shuka mpya kwa heshima ya ukwe, akamng'oa. Yalikuwa magego mawili ya chini, upande wa kushoto, yote na tundu mahali pamoja, kwa kuwa familia ile yote ilikunywa chai ya sukari nyingi. Dokta akayatia kwenye bakuli moja ayasuuze.

Hapo ndipo sauti ilipotoka ukutani kwa baa:

"Dokta! Bowa banatoka! Bamama beko nauzisha kule barabara ya Kasenga, bikubwa kama mwavuli!"

Uyoga wa kwanza wa mvua! Dokta aligeuka kuuliza ni vichuguu vya upande gani. Alipogeuka tena, meno yalikuwa yamelala bakulini ubavu kwa ubavu, kama mapacha. Aliyatazama. Akayafunga, akampelekea Mama moja barazani, akampa fundi lingine, akavaa kofia, akaenda porini.

Jioni alirudi na kikapu kimejaa na uso wa mtu anayeumwa. Alinipita mlangoni kwa fundi bila salamu, akaingia. Mimi nilikuwa nimepeleka suruali kupunguzwa, kwa hiyo yaliyosemwa nimeyasikia mwenyewe.

"Fundi, ile jino nilikupatia."

"Eeh, Dokta. Iko hapa." Fundi aligusa mfuko wa shati, juu ya moyo.

"Pengine ni yako."

"Pengine namna gani?"

"Pengine ni ya mama mukwe."

Fundi aliangusha pasi. Suruali yangu ina alama mpaka leo. Alilivua shati lile huku akiruka, akalitupa sakafuni, tukabaki tunalitazama sote watatu kama kwamba lingeamka.

"Dokta," alisema polepole, "miye nimeshinda nayo. Nilikula nayo bukari. Nilionyesha barafiki mu baa. Banaipitisha mukono kwa mukono, mumoja anasema: hii jino iko na nguvu, ni ya mwanaume kweli!"

Angekuwa daktari mwingine, jambo lingeishia hapo. Dokta wetu alikuwa ameshapita kwa Mama kwanza.

Mama Mukwe hakupiga kelele. Alisikiliza, akaweka pakiti yake juu ya dirisha, mbali na chakula, na kutuma ujumbe kwa binti yake: arudi kulala kwa mama yake mpaka jino lijulikane. Binti alikwenda usiku huo huo na godoro. Fundi akabaki peke yake na cherehani.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Fundi alishona mashati yenye mikono ya kushoto tu. Alishona gauni la kwaya likawa na mfuko mgongoni. Kila jioni alisimama barabarani akitazama upande wa nyumba ya mama mkwe, ambako hakuweza kuingia, na mkewe alikuwa akimpungia kutoka mbali, ameshika mwiko. Baa haikumhurumia.

"Fundi, bibi iko wapi? Alienda kutafuta jino?"

"Muache! Iko nangojea meno zimee."

Dokta alitafuta njia. Alipendekeza kwanza kwamba jino moja lijaribiwe kwenye pengo la fundi, kama kiatu. Fundi akauliza, na kama halitoshi? Maana kama halitoshi, basi atakuwa ameliweka jino la mama mkwe wake mdomoni. Dokta akapendekeza aanze na Mama. Mama alifunga mlango. Akapendekeza meno yote mawili yazikwe pamoja, yaishe. Ujumbe wa Mama ulirudi kwa mdomo wa binti yake, neno kwa neno:

"Mama anasema: miye na mukwe wangu mu shimo moja? Bule! Hata tukufe, jamais, hata siku moja."

Ni kutoka kwenye neno hilo Dokta alipata wazo. Mtu na mama mkwe wake wanaweza kukaa nyumba jirani, ilimradi kuna ukuta. Kilichotakiwa ni ukuta. Na ukuta mnene kuliko wote ambao Mungu amejenga Katanga ni kichuguu.

"Tunaweka moja huku, ingine kule," alieleza, mikono ikichora hewani. "Hata kama tunakosea upande, hakuna anaona mwenzake. Adabu inabaki."

Mama alifikiri siku nzima. Alikubali kwa sharti moja, kwamba jino lake liwe upande wa kaskazini, litazame Pweto. Pakiti zote mbili zikarudi kwa Dokta, akazitia kwenye mfuko wa koti mpaka Jumapili.

Tulienda kwa gari mbili za kukodi, moja mbele, nyingine nyuma sana. Dokta alichagua kichuguu, baada ya kutupotosha kidogo tu. Mama na dada zake wa soko walikaa kaskazini, fundi na wanaume wa baa kusini. Mazishi yalikwenda kama nilivyoeleza. Nyimbo mbili tofauti ziliimbwa kwa wakati mmoja. Katikati ya sala upande wa kaskazini Dokta alinyamaza, akainama, akachuma uyoga, akaendelea. Hakuna aliyefungua pakiti, kwa sababu hakuna aliyetaka kuona ya mwenzake.

Halafu bia zikatolewa na, kama kawaida, kifungua chupa hakikuwepo. Dokta akauma kizibo cha kwanza. Nilisikia pah, kisha kitu kingine, kama kijiti kikavu kinapovunjika. Akaweka kiganja mdomoni. Akageuka nyuma ya kichuguu, ubavuni nilipokuwa nimesimama, akavua buti moja, akalitikisa, akalivaa tena.

"Chungu," aliniambia, mdomo nusu.

Chupa nyingine zote alizifungua mtu wa baa kwa jembe. Dokta alikunywa yake kwa upande wa kulia.

Binti wa Mama alirudi nyumbani jioni ile, godoro kichwani. Fundi alifunga duka siku mbili. Mikono ya mashati ikarudi kuwa ya kulia na kushoto. Sasa wana watoto, na mkubwa wao anatumwa kila asubuhi kumpelekea bibi yake salamu za baba, maana adabu inaendelea. Mama ameniambia mwenyewe kwamba tangu jino lake litazame Pweto analala vizuri.

Dokta aliacha kazi mikono ilipoanza kutetemeka. Aliondoka Kamalondo, akajenga kijumba barabara ya Kasenga, karibu na vichuguu vyake. Kiti aliacha chini ya avokado. Kuku hutagia pale siku hizi, na watu wa baa bado wanaegemea ukuta kuwatazama.

Nilikutana naye mwishoni mwa kiangazi hiki, majani yakiwa yameungua na vumbi jekundu likiwa limetanda. Nilikuwa nimeshuka kununua makaa. Alitokea kwenye kijia, kofia ile ile, amekonda, muwa mkononi. Tulisalimiana mpaka tukamaliza majina ya mtaa. Kisha akatazama nyuma, akavua kofia, na kutoka kwenye ukanda wa kofia akatoa karatasi iliyokunjwa.

"Angalia hii."

Lilikuwa gego. La chini, upande wa kushoto, alisema. Lilikuwa limebadilika rangi na kuvunjika pembeni, hata hukuweza kujua kama lilikuwa na tundu.

"Nilikuwa nasafisha mabuti ya zamani," alisema. "Ilikuwa mu ncha, mu matope. Ile buti sikuivaa tena tangu mazishi. Na mufuko ya ile koti, uko naikumbuka? Ilikuwa na shimo."

"Lakini pakiti zilikuwa mbili, Dokta. Tulizizika mbili."

"Mbili, ndiyo. Lakini asubuhi ile nilikuta moja inafunguka mu mufuko. Kitu cheupe kilikuwa pembeni, nikakifunga upesi. Unajua mufuko yangu. Namna gani kama nilifunga jiwe?"

Akilini nilimwona mama mkwe akilala vizuri miaka yote hii kwa ajili ya kokoto la mtoni. Nilimwona binti akibeba godoro tena, na safari hii na watoto.

"Inafaa niwaambie," alisema. Chungu hai alikuwa ameshaanza kumtembea tumboni, niliona. "Jumapili nitashuka Kamalondo. Mama kwanza, halafu fundi."

"Ngoja. Tukichimbe kichuguu. Tukikuta meno mawili, hili si lao."

"Tukichimbe," alikubali kwa furaha. Akageuka, akanyoosha muwa kuelekea porini. "Ni kile pale."

Nilitazama. Vilikuwepo vichuguu mpaka mwisho wa macho, vyote vyekundu, vyote vikubwa kama nyumba.

"Kile ama kile?"

"Kile," alisema. Kisha: "Ama kile."

Nikakumbuka kizibo, kijiti kikavu, kiganja, buti lililotikiswa ubavuni pangu.

"Dokta," nikasema, "fungua mudomo."

"Juu ya nini?"

"Chini, upande wa kushoto. Fungua tu nione. Kama kuna pengo, jino ni lako, la kizibo kile, na Jumapili hauna kazi Kamalondo."

Nafikiri hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo, alilolisema yeye kwa watu maisha yake yote. Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akainama, kiganja kimeziba mdomo sawasawa.

"Miye njo natazamaka bantu mu kinywa," alisema nyuma ya vidole. "Mu yangu, hakuna muntu anaingiaka."

Akalikunja jino kwenye karatasi, akalirudisha kwenye ukanda wa kofia, akaivaa. Aliniaga na kuingia porini kwa hatua za haraka, akapinda kwenye kichuguu.

Jumapili ile mvua ya kwanza ilinyesha, uyoga ukatoka, na Dokta hakushuka mjini. Wala hajashuka bado. Mama analala vizuri, fundi anashona, na jino liko kwenye kofia.